Dola Zilizopikwa Bandani

Millersburg, Ohio
9 Machi 2009

Shemeji Clete,

Maua yako yalifika. Yalichelewa mazishi kwa siku moja, lakini yalifika, ahsante. Goti lako likipona usijisumbue kupanda ndege. Ndugu yako hatakwenda popote, na mimi vilevile.

Watu wananiuliza naendeleaje, nawaambia sijambo. Friji imejaa mabakuli ya kuku na tambi ya akina mama wa kanisa, kila bakuli limebandikwa jina la mwenyewe kwa chini ili lirudi kwao. Nakula nimesimama. Silii. Mke wa mchungaji huja akakaa mbele yangu akanitazama macho, kama anayesubiri birika lichemke, kisha huchoka akaaga. Simu nimeichomoa ukutani, kwa hiyo usipige. Andika.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Juzi alikuja Abner Troyer, mwenyekiti wa chama chetu cha wakusanya sarafu.

"Verla, nisamehe, najua bado uko msibani."

"Kaa, Abner. Kahawa?"

"Hapana. Haya, nusu kikombe."

Akatoa mfukoni dola ya fedha, ile kubwa ya kale aliyoinunua kwa Orrin msimu wa mavuno, yenye zambarau na dhahabu zinazozunguka ukingoni. Alikuwa ameituma kwa wapimaji ili waipe hati. Wamemrudishia na kikaratasi: rangi yake inatia shaka.

"Sikuja kudai kitu," akasema. "Nataka kujua neno moja tu. Orrin alijua?"

Nikamwambia, "Mume wangu hajawahi kumpunja mtu hata kijiko cha sukari." Abner akanywa kahawa yake, akachukua kofia, akaenda zake.

Alipoondoka nikaingia bandani kwa Orrin. Clete, ile oveni ndogo ya kuokea mkate, aliyoniambia ameipeleka kwenye mnada wa kanisa, imekaa juu ya benchi lake la kazi. Kuna chupa ya unga wa salfa. Kuna harufu ya mayai viza, nami miaka yote hii nilidhani ni mtaro. Kulikuwa na vipande vya sufu nyekundu ya kufumwa, vimeungua pembeni, nikavitupa kwenye pipa, na gari la taka limeshapita. Na kuna sanduku la sigara lililojaa dola, kila moja ndani ya kikadi chake, zote zinang'aa rangi kama shingo ya njiwa.

Nimekaa nyuma ya meza ya Orrin kwenye maonyesho ya sarafu zaidi ya nusu ya umri wangu. Najua kwamba fedha ikilala miaka ndani ya bahasha ya karatasi au gunia la benki hushika rangi yenyewe, na najua wanaume wazima wanavyoizimia. Najua pia kupika ni nini, kuipa fedha rangi ya uzee kwa moto na salfa. Tulikuwa tukiwacheka wapishi, mimi na yeye, tukirudi nyumbani garini.

Wewe ndiye uliyekuwa ukimuuzia dola zake huko magharibi. Niambie, na mizaha yako weka kando.

Verla


Yuma, Arizona
17 Machi

Shemeji yangu Verla,

Umesema mizaha niweke kando, basi ukurasa wa kwanza nimeuchana.

Ndiyo. Alipika, nami nikauza.

Lakini hebu nisikilize kidogo kabla hujanitia kitanzi. Fedha ikikutana na salfa hubadilika rangi, iwe imelala kwenye bahasha tangu enzi za babu au imekaa ovenini mchana mmoja. Fedha ni ileile na salfa ni ileile. Sisi tuliisukuma saa tu. Mwanamke akipaka nywele rangi utampeleka polisi? Mtu anakuja mezani kwangu, anaona kitu kizuri, macho yanamtoka, anakinunua na kwenda kumwonyesha mkewe. Kizuri chajiuza. Mimi sijapata kufungua mdomo nikasema ile ni rangi ya miaka. Wakiniuliza, "Imetoka wapi hii?" najibu, "Ohio." Sasa uongo uko wapi hapo?

Najua, najua. Nakuona ulivyokunja uso.

Mbadilishie Abner kwa dola nyeupe iliyo safi, yaishe. Lile sanduku nitumie mimi. Nitaziuza polepole, huku na huku, na jina la Orrin halitaguswa. Marehemu hasemwi, shemeji. Abner mwenyewe aliniandikia kwamba wanataka kutundika picha ya Orrin ukutani pale chini ya kanisa, penye mikutano ya chama. Waache waitundike.

Ila kuna moja. Ina ukingo wa bluu, katikati ina rangi ya majani makavu, na ukiielekeza kwenye mwanga utaona vialama vidogo vidogo vimepangana juu ya shavu la yule mwanamke aliyechorwa. Hiyo usiichanganye na wenzake. Usimwonyeshe mtu. Nitumie peke yake, au ifungie mahali. Usiniulize kwa nini.

Goti linaendelea vizuri. Hapa jua linatuchoma kama tumekosa adabu.

Shemeji yako,
Clete


Millersburg
24 Machi

Clete,

Uongo uko hapo kwenye "Ohio."

Mtu anayelipia rangi ya dola ya kale halipii bluu. Bluu ipo kwenye kopo dukani, tena bei rahisi. Analipia kujua kwamba kitu kimekaa mahali pamoja, hakuna aliyekigusa, na miaka imepita juu yake. Orrin mwenyewe ndiye aliyenifundisha hayo, kwenye hoteli fulani Indianapolis, akiwa ameshika dola ya watu kwa ncha za vidole. Alikuwa karibu kulia. Ninyi mliuza miaka ambayo haikuwapo.

Nilikwenda mkutanoni Alhamisi. Picha yake walikuwa wameshaitia fremu. Abner alianza kumsifu, "mtu mwaminifu kuliko wote niliowajua," nami nikasimama na sahani ya donati mkononi nikawaambia alikuwa akipika. Hivihivi tu. Mtu mmoja nyuma akazima mashine ya kahawa. Nilidhani nitatetemeka, wala. Nilikuwa kama nasoma tangazo la ratiba ya mabasi. Baadaye Abner akanipa ile picha ndani ya mfuko wa plastiki, nikaja nayo nyumbani, iko chini nyuma ya mlango.

Sanduku sikutumii. Na wala siziuzi kwa kuandika "imepikwa" kwenye kikadi, maana wewe au mwenzako mtachana kikadi na kuandika kingine. Nitazichovya zote kwenye dawa ya kusafishia fedha. Ndiyo, nimesikia. Sarafu haisafishwi, hiyo ndiyo amri ya kwanza ya watu wetu, na watoto wa chama hufundishwa kabla ya kufundishwa kusoma tarehe. Lakini afadhali dola iliyo uchi kuliko iliyopakwa. Nyeupe haiwezi kumdanganya mtu.

Na hiyo moja unayoitaka wewe nimeiona. Ndiyo nzuri kuliko zote, hata kipofu angeiona. Kizuri chajiuza, sivyo? Sanduku zima linaungua na shemeji anakimbilia kuokoa kilicho ghali. Huna hata haya.

Verla


Yuma
31 Machi

Verla,

Nimepiga simu. Inalia tu upande wangu, kwako kimya. Nimempigia hata Abner akugongee mlango. Anasema alikuja, ukamwambia kupitia dirishani kwamba umelala.

Chovya zote ukitaka. Chovya, mwaga, zitupe mtoni, sitasema kitu. Lakini ile ya ukingo wa bluu usiiguse. Nakuomba kwa magoti, na unajua hali ya magoti yangu. Hiyo haikupikwa. Hiyo ni ya kweli, Verla, naapa kwa kaburi la mama yetu. Sina haja ya kuiuza. Kaa nayo wewe.

Unataka kujua najuaje. Siwezi kuandika. Kuna neno ambalo wewe mwenyewe ulilikataza zamani, jikoni kwako, mbele yetu sote, na Orrin alinishika mkono akaniambia nisilivunje hata yeye akifa. Nimeanza barua hii mara kadhaa nikitaka kuliandika, nikashindwa. Chomeka simu ukutani nikwambie kwa mdomo. Au ningoje, mwezi ujao daktari akiniruhusu nitakuja.

Tafadhali, shemeji.

Clete


Millersburg
6 Aprili

Clete,

Nimemaliza.

Nilizichovya juu ya sinki la jikoni, mchana, dirisha likiwa wazi. Chovya, hesabu kidogo kimoyomoyo, toa, suuza, kausha kwa taulo. Zambarau ilitoka kama chai inavyotoka kikombeni. Abner alikuwa amekaa mezani, nilimwomba awe shahidi. Kila niliyoitoa alitikisa kichwa, lakini hakunizuia.

Yako niliiacha ya mwisho. Barua yako ilikuwa pale pale karibu na sabuni. Nilitaka kukupa haki yako, kwa hiyo niliitazama kwa kioo cha kukuzia, kisha nikampa Abner. Vile vialama ulivyosema ni vya mfumo wa nyuzi. Ni alama za kufuma kabisa, tundu kwa tundu, zimejichapa kwenye fedha. Abner aliishika kwa muda mrefu. Akasema, "Verla, hii mimi ningesema ni ya kweli."

Nikamwambia, "Hata ile uliyonunua ulisema hivyo."

Maana mimi nilivikuta vile vipande vya sufu kando ya oveni, Clete. Vyekundu, vya kufumwa, vimeungua. Sikuhitaji kuambiwa. Alama ya nguo ambayo sarafu imeilalia miaka ndiyo hati ambayo watu wetu huiamini kuliko karatasi yoyote, na mume wangu aliipika hata hiyo. Hapo ndipo nilipoona kwamba hakubakisha kitu. Unaapa kwa kaburi la mama yenu, na Orrin naye angeapa. Ukishapika moja, nitajuaje ipi hukupika?

Rangi yake ilichukua muda mrefu kidogo kutoka kuliko za nyingine. Sasa ni nyeupe kama meno ya bandia. Nimezipeleka zote kwa mfua fedha wa Canton aziyeyushe, isipokuwa hiyo moja. Hakuitaka. Alisema imelika, si safi kama wenzake, nikachoka kubishana nikairudisha mfukoni.

Sikusikia uchungu wala raha. Moyo umekufa ganzi, na ganzi haina ubaya wake, mtu analala vizuri.

Verla


Yuma
12 Aprili, Jumapili ya Pasaka

Verla,

Ningeweza kunyamaza. Nimeifikiria hiyo tangu barua yako ifike jana. Ningekuacha na ganzi yako, usijue kamwe, na labda mtu mwema angefanya hivyo. Lakini tumekunyamazia miaka, na ona kunyamaza kulikotufikisha.

Ile dola ilikuwa ya Junie.

Haya, nimeliandika. Baada ya mazishi ya mtoto wenu, jikoni kwako, ulisema jina lake lisitajwe tena na mtu, nasi ukoo mzima tukatii, hadi watoto wangu wakakua hawajui kwamba walikuwa na dada. Sikulaumu. Ila Orrin hakupata pa kulisemea, akawa analileta kwangu.

Unakumbuka baba alimpa kila mjukuu dola ya fedha alipofikisha miaka minane. Junie aliipata yake wakati wa theluji. Akaichukua akaitia ndani ya glavu yake nyekundu, ile uliyomfumia wewe, akamwambia Orrin, "Isipatwe na baridi." Kisha akaugua homa ya uti wa mgongo, na baada ya wiki ile hakuna aliyeuliza habari za dola.

Miaka mitano iliyopita Orrin aliposogeza lile kabati la chumba cha juu, wewe ulikuwa kwa dada yako. Akavuta droo ya chini, akaikuta glavu. Dola ilikuwa bado ndani. Ilikuwa imelala kwenye sufu ile tangu siku aliyoitia mwenyewe, na sufu ina salfa yake, huhitaji mtu kukufundisha. Ilikuwa na bluu ile, na alama za mkono wako wa kufuma zikiwa juu yake. Alipanda basi akaja nayo hadi hapa. Mtu mzima, Verla, amekaa jikoni kwangu anaigeuza kwenye mwanga na kusema, "Tazama. Ametuachia hii."

Nikamwambia akuonyeshe. Akasema, "Verla atatoka nyumbani aende asirudi."

Basi akataka kujua ilivyotokea. Ndivyo ilivyoanza, si kwa tamaa. Alikata kipande cha glavu, akafunga dola nyingine, akaitia ovenini. Alikuwa anamtafuta, sijui nisemeje zaidi. Hakuna iliyotoka kama ile. Zilitoka nzuri tu, basi. Nzuri hivi kwamba mtu mmoja kwenye maonyesho aliniuliza bei, nami nikampigia Orrin nikamwambia, "Kumbe tuna biashara." Hilo ni langu. Wizi tuliufanya, sikatai, na Abner alidanganywa kweli. Lakini kwa ile moja hatukudanganya.

Glavu aliikata yote. Vile vipande ulivyotupa ndivyo vilivyokuwa vimebaki.

Sina la kuongeza. Chomeka simu.

Clete


Yuma
20 Juni

Shemeji,

Uko hai? Abner anasema anakuona ukitoa taka. Hilo tu ndilo nililonalo.

Goti sasa ni zima. Sema neno nije.

Clete


Millersburg
3 Oktoba

Shemeji Clete,

Junie.

Nilitaka kuona kama naweza. Kalamu haikuvunjika.

Nilikaa na barua yako ya Pasaka majira yote ya joto kwenye droo ya vijiko. Kila nilipotaka kijiko niliiona. Sikukukasirikia. Nilijaribu kukukasirikia, ingekuwa nafuu, lakini haikuja. Nilimkasirikia Orrin siku moja, asubuhi, nikiwa naanika shuka, nikamwita mpumbavu kwa sauti hadi jirani akachungulia. Kutoniambia! Kisha nikakumbuka ni nani aliyesema jina lisitajwe, nikamaliza kuanika.

Picha ya Orrin nimeitundika ukumbini kwangu. Mwizi alikuwa, na nimewaambia hivyo, na sibadilishi. Lakini ukuta ni wangu.

Sasa nikwambie nilichofanya, nawe uniambie kama nimekosea, maana Abner nimegombana naye kwa ajili yake. Nilikwenda Berlin, kijiji cha jirani hapa, kwenye duka la nyuzi nikanunua sufu nyekundu. Yule binti wa dukani akaniuliza, "Kwa mjukuu?" Nikasema ndiyo, iishe. Nilipokaa kufuma sikuwa na kipimo chochote. Nikaanza tu, nikadhani nitakosea na kufumua. Clete, mikono haikusahau. Glavu ilitoka ya mtoto wa miaka minane, kidole gumba kikiwa kifupi kidogo, kama chake kilivyokuwa. Niliivaa kwenye vidole vyangu viwili, nikakaa hivyo hadi kahawa ikapoa. Hapo ndipo ganzi iliponitoka, na sitaki kukuelezea, kwa kuwa haikuwa nzuri kuitazama. Mke wa mchungaji angefurahi.

Nimeitia ile dola ndani. Nyeupe hivyohivyo, imelika hivyohivyo, na mfua fedha hakuitaka. Nimeiweka kwenye droo ya chini ya kabati lile, chumba cha juu, nikafunga.

Abner anasema hiyo pia ni kupika. "Umekusudia, Verla," akaniambia. "Mtoto hakukusudia. Tofauti yote iko hapo." Nikamwambia sina oveni, wala sina haraka. Akasema oveni ya polepole ni oveni. Amekuwa mwalimu wa shule ya Jumapili muda mrefu mno. Lakini siku ya pili alirudi na mkate wa maboga wa mkewe, akasimama mlangoni anazungusha kofia, akauliza, "Imelala upande gani, uso juu au chini?" Nikamwambia uso juu. Akasema, "Vizuri. Alama zitakaa shavuni."

Labda ana haki, labda hana. Mimi sitaiona. Nina umri wa miaka sitini na nane, na fedha haina haraka ya mtu. Kwa hiyo nimewaambia watu wa sheria kwamba nikifa kabati hilo liende kwa binti yako mkubwa, yule ambaye hakuwahi kuambiwa. Mwambie sasa, usingoje. Mwambie asifungue droo kuchungulia kama imeanza.

Na ikija siku ya kuuzwa, maana kila kitu huuzwa siku moja, mtu akaishika kwa ncha za vidole na kuuliza kama rangi hiyo ni ya kweli, asimjibu "Ohio." Amwambie kwamba bibi mmoja aliisafisha kwa mkono wake akidhani ni ya uongo, kisha akaifumia glavu. Amwambie yote, na jina la mtoto. Kisha mnunuzi aamue mwenyewe.

Simu nimeichomeka. Lakini njoo. Kuna bakuli moja la kuku na tambi ambalo halina jina kwa chini, na sijui nimrudishie nani.

Shemeji yako,
Verla